Anakipenda Kikorea lakini anatetemeka akiitwa: Furaha na hofu ya mwanafunzi wa Vietnam hupimwaje?

Hebu vuta picha. Msichana wa miaka 20 yuko darasani mjini Hanoi. Jana usiku alitazama tamthilia ya Kikorea hadi saa saba, na sehemu kubwa aliielewa bila kusoma maandishi ya chini. Leo kafika darasani wa kwanza. Kikorea anakipenda kweli, hatanii.

Mwalimu anafungua orodha ya majina. Msichana anainamisha kichwa. Viganja vinatoa jasho. Jina lake linatajwa, anasimama, na ile sentensi aliyoifanyia mazoezi mara kumi inamtoroka yote.

Swali ni hili: huyu anafurahia kujifunza Kikorea, au anakiogopa?

Kama umejibu "yote mawili", umefika haraka mahali ambapo watafiti wa lugha walichukua karibu miaka 30 kufika. Msichana huyo ni wa mfano tu, lakini hali yake inajulikana na mwalimu yeyote wa lugha. Na namna ya kuipima si jambo dogo, kwa sababu Vietnam kuna vijana wengi ambao ajira yao, chuo chao au hata ndoa yao inategemea Kikorea.

Kwa nini Vietnam, na kwa nini Kikorea?

Vietnam na Korea Kusini zilianzisha uhusiano wa kibalozi Desemba 1992. Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Kampuni ya Samsung ina viwanda vikubwa vya simu katika mikoa ya Bac Ninh na Thai Nguyen, kaskazini mwa nchi. Kampuni nyingine nyingi za Kikorea zimefuata nyayo hizo. Anayejua Kikorea ana nafasi nzuri zaidi ya kuwa mkalimani, karani au msimamizi.

Kuna pia wanaotaka kwenda Korea yenyewe. Mwaka 2004 Korea Kusini ilianza mpango rasmi wa vibali vya kazi kwa wageni, na Vietnam ni miongoni mwa nchi zinazopeleka wafanyakazi kupitia mpango huo. Bila kufaulu mtihani wa lugha, safari hakuna. Wanafunzi wa vyuo nao ni wengi: Wavietnam ni moja ya makundi makubwa kabisa ya wanafunzi wa kigeni nchini Korea.

Na kuna mapenzi ya kawaida tu. Tamthilia, muziki, vipodozi, chakula. Ongeza mpira: Park Hang-seo, kocha kutoka Korea, aliifikisha timu ya vijana wa Vietnam fainali ya Asia Januari 2018, na mwaka huo huo akaipa timu ya wakubwa ubingwa wa Kusini-mashariki mwa Asia. Watu walijaa barabarani na bendera za nchi zote mbili.

Serikali nayo haikukaa nyuma. Februari 2021 Wizara ya Elimu ya Vietnam iliidhinisha Kikorea kifundishwe kwa majaribio kama lugha ya kwanza ya kigeni shuleni, kuanzia darasa la 3 hadi la 12.

Kwa hiyo darasa la Kikorea nchini Vietnam lina mchanganyiko. Kuna aliyekuja kwa raha zake, kuna aliyetumwa na njaa, na kuna aliyekuja kwa sababu zote mbili. Hapo ndipo kupima hisia kunapokuwa na maana.

Kipimo cha hofu kutoka Texas

Walimu walijua zamani kwamba kuna wanafunzi wanaoganda darasani. Lakini kujua ni jambo moja, kupima ni jambo jingine.

Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani Elaine Horwitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha kipimo cha hofu ya darasa la lugha ya kigeni. Kabla ya hapo walikuwa wamekaa na wanafunzi waliokuwa wakihangaika na lugha, wakawasikiliza wanasema nini hasa. Waligundua kwamba hofu hii haifanani kabisa na woga wa kawaida. Kuna mtu jasiri kwenye hesabu, jasiri uwanjani, lakini mpe sentensi moja ya lugha ya kigeni aiseme mbele ya watu, anakuwa mdogo kama piritoni.

Walitaja mambo matatu yanayokaribiana nayo: kuogopa kuzungumza na watu, kuogopa mtihani, na kuogopa kuonekana mjinga.

Kipimo chao kina sentensi 33. Kila sentensi inaeleza hali fulani, kwa mfano moyo kwenda mbio mwalimu anapokaribia kukuita, au kuhisi wenzako wanaongea vizuri kuliko wewe. Mwanafunzi anachagua namba kuanzia 1 hadi 5, toka "sikubaliani kabisa" hadi "nakubali kabisa". Mtindo huo wa kujibu kwa ngazi ulianzishwa na Rensis Likert mwaka 1932, na ndio unaokutana nao hata leo benki au kampuni ya simu inapokuuliza umeridhika kiasi gani.

Sentensi nyingine zimegeuzwa kwa makusudi. Badala ya "naogopa", inasema "sina wasiwasi". Hiyo ni kumkamata anayeweka alama 4 kila mahali bila kusoma.

Ukijumlisha, chini kabisa ni alama 33 na juu kabisa ni 165.

Furaha ilisahaulika kwa muda mrefu

Baada ya hapo tafiti za hofu zikamiminika. Kila mtu alitaka kujua mwanafunzi anaogopa nini. Anachofurahia hakikuulizwa sana.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2014. Jean-Marc Dewaele wa London na Peter MacIntyre wa Kanada waliwauliza wanafunzi 1,746 wa lugha kutoka sehemu mbalimbali za dunia kwa njia ya mtandao. Waliwapa sentensi 21 za furaha na sentensi 8 za hofu.

Walikuwa na sababu. Mwanasaikolojia wa Marekani Barbara Fredrickson alikuwa ameshaeleza kwamba hisia nzuri zina kazi yake, hazipo kama pambo tu. Mtu mwenye hofu macho yake yanabana, anaona hatari tu. Mtu mwenye furaha macho yanafunguka: anajaribu, anauliza, anakosea na kurudia. Katika kurudia huko anajiwekea akiba ya maarifa na marafiki.

Furaha wanayoizungumzia hapa si kicheko cha dakika mbili. Kula pipi ni raha. Kufurahia kujifunza ni pale unapopambana na kitu kigumu, mwisho kikakaa, ukasema "kumbe naweza". Ni tofauti kubwa.

Si ncha mbili za rula moja

Wengi wetu tunafikiri hivi: furaha ikipanda, hofu inashuka. Kama maji ya moto na baridi kwenye ndoo moja.

Takwimu za 2014 zilionyesha sivyo. Furaha na hofu zilikuwa na uhusiano wa hasi 0.36. Kwa lugha ya mtaani: ndiyo, mwenye furaha zaidi huwa na hofu kidogo pungufu, lakini uhusiano huo si mkubwa. Ukizidisha 0.36 kwa 0.36 unapata kama 0.13. Yaani ukijua alama ya mtu ya hofu, umejua kama asilimia 13 tu ya kinachofanya alama za furaha zitofautiane kati ya watu. Asilimia 87 iliyobaki hujaigusa.

Kuna jambo jingine lililoshangaza. Wanawake katika utafiti huo walisema wana furaha zaidi kuliko wanaume, na pia wana hofu zaidi. Kama vingekuwa ncha mbili za rula moja, hilo lisingewezekana.

Watafiti hao baadaye walifananisha hisia hizi na mguu wa kulia na wa kushoto. Mwanafunzi hutembea na yote miwili. Si lazima mguu mmoja ukatwe ili mwingine uende.

Kwa hiyo ukipima hofu peke yake, umempima mwanafunzi nusu. Msichana wetu wa Hanoi ataandikwa "mwoga" na habari itaishia hapo. Kumbe ni huyohuyo anayelala saa saba usiku kwa ajili ya Kikorea.

Kikorea kina mitego yake kwa Mvietnam

Vipimo vingi vimejaribiwa kwa watu wanaojifunza Kiingereza, Kihispania au Kifaransa. Kikorea kwa Mvietnam ni safari nyingine. Kuna mahali pa kuteremka na mahali pa kupanda.

Kwanza, mteremko. Lugha zote mbili zimeazima maneno mengi ya Kichina tangu zamani, kwa hiyo yanafanana. Chuo kikuu kwa Kivietnam ni "đại học", kwa Kikorea ni "daehak". Kujiandaa ni "chuẩn bị" na "junbi". Tahadhari ni "chú ý" na "juui". Muziki ni "âm nhạc" na "eumak". Mwanafunzi anapogundua mfano wa kwanza anatabasamu. Akigundua wa ishirini anaona kama amepewa zawadi. Hiyo ni furaha ambayo mwanafunzi Mzungu wa Kikorea haipati.

Maandishi nayo hayatishi sana. Alfabeti ya Kikorea, iliyotangazwa rasmi na Mfalme Sejong mwaka 1446, ina herufi za msingi 24 tu.

Sasa mlima. Kivietnam kinapanga maneno kama sisi: mimi, nakunywa, maji. Kikorea kinaweka tendo mwisho: mimi, maji, nakunywa. Ukiwa unaongea unalazimika kubeba sentensi nzima kichwani hadi ufike mwisho. Kivietnam hakinyambui vitenzi hata kidogo, wakati Kikorea kinabandika viambishi nyuma ya kitenzi kimoja baada ya kingine.

Halafu kuna pumzi. Kikorea kina seti tatu za sauti ambazo sikio geni linasikia kitu kimoja: "dal" ni mwezi, "ttal" ni binti, "tal" ni kinyago. Wazee wa Mombasa wataelewa haraka, kwa sababu kwao paa la nyumba na paa wa porini hutofautishwa kwa pumzi ile ya kwenye "p". Ukikosea Kikorea hapo, umemtaja kinyago badala ya binti wa watu.

Na juu ya yote, heshima. Kula ni "meogeo" kwa rafiki, "meogeoyo" kwa adabu ya kawaida, "meokseumnida" kwenye shughuli rasmi. Mkubwa akila, kitenzi chenyewe kinabadilishwa. Ukimwambia bosi neno la rafiki, umemvunjia heshima, na hiyo ni zaidi ya kosa la sarufi.

Mvietnam heshima anaijua vizuri. Kwao hata neno la "mimi" na "wewe" linafuata umri na undugu: mwanafunzi anajiita "em", yaani mdogo, na kumwita mwalimu wa kike "cô", kama shangazi. Kwa hiyo uzito wa jambo anauelewa. Kinachomtisha ni kwamba anajua kosa lina maana gani, ila hajui bado kuliepuka. Kivietnam kina msemo wa kupoteza uso, "mất mặt", kwa maana ya kuaibika mbele za watu. Hapo ndipo hofu inapokaa.

Kipimo kilichotengenezwa kwa Mmarekani anayejifunza Kihispania kinaweza kabisa kukosa hofu ya aina hii.

Kutafsiri dodoso si kazi ya dakika tano

Basi mtafiti anataka kupima Wavietnam. Anaanzaje?

Kosa la kwanza ni kuwapa dodoso kwa Kikorea. Utakuwa umepima nani anasoma Kikorea vizuri. Mwoga zaidi huenda asielewe hata swali. Dodoso liwe kwa Kivietnam.

Kosa la pili ni kutafsiri neno kwa neno. Chukua neno la wasiwasi. Kivietnam kina "sợ", kuogopa. Kina "lo lắng", kuwa na mashaka. Na kina "hồi hộp", moyo kudunda kwa kusubiri kitu. Hilo la mwisho ni mtego. Mtu anaweza kuwa "hồi hộp" kabla ya mtihani, na pia kabla ya penalti ya mwisho au kabla ya kukutana na mpenzi. Ukiliweka kwenye sentensi ya hofu, mwanafunzi mwenye furaha ya kusubiri atajibu "ndiyo, sana", na wewe utamhesabu mwoga.

Upande wa furaha ni hivyo hivyo. "Vui" ni kuchangamka, "thích" ni kupenda, "hứng thú" ni kuvutiwa na jambo. Mtu anaweza kupenda Kikorea bila kuchangamka darasani.

Njia inayotumika sana ni hii. Mtu mmoja anatafsiri kwenda Kivietnam. Mwingine ambaye hajaona dodoso la mwanzo analirudisha kwenye lugha ya awali. Kisha wanalinganisha. Mahali palipopotoka wanakaa wanajadili. Baada ya hapo wanafunzi wachache wanasomewa sentensi moja moja na kuulizwa: hapa umeelewa nini? Hatua hiyo ndogo inaokoa mengi.

Mfano upo China. Mwaka 2018 kipimo cha furaha kilijaribiwa kwa wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari wanaojifunza Kiingereza. Zile sentensi 21 zikabaki 11, zikigawanyika katika mafungu matatu: furaha ya ndani ya mtu, furaha inayotokana na mwalimu, na hali ya darasa. Siku hizi kuna pia kipimo kifupi cha furaha chenye sentensi 9 na cha hofu chenye sentensi 8. Mwanafunzi anamaliza vyote kabla chai haijapoa.

Mizani nzuri inajulikanaje?

Fikiria mizani ya dukani. Ukiweka kilo moja ya sukari mara tatu, lazima isome kilo moja mara tatu. Hiyo ni uthabiti. Kwenye dodoso, uthabiti unapimwa kwa kuangalia kama sentensi za fungu moja zinakwenda pamoja. Namba inayotumika sana inaitwa alfa ya Cronbach, toka mwaka 1951. Wengi huanza kuridhika ikifika 0.70.

Lakini subiri. Mizani inaweza kuwa thabiti na bado ikapima kitu kingine. Kama sentensi zako zote za furaha zinahusu tamthilia na nyimbo, zitakwenda pamoja vizuri sana. Ila utakuwa umepima mapenzi ya tamthilia, si furaha ya kujifunza lugha. Kwa Vietnam hili ni la kuangalia kwa jicho kali, kwa sababu utamaduni wa Korea umetapakaa kila kona. Kijana anaweza kuimba wimbo mzima na bado akalichukia darasa.

Ndiyo maana watafiti hutumia hesabu za kuangalia sentensi zipi zinajikusanya pamoja. Sentensi za hofu zikikaa kundi lake na za furaha kundi lake, hapo unaweza kusema umepima vitu viwili.

Namba zinasomwaje?

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi amepata wastani wa 4.2 kati ya 5 kwenye furaha, na 3.9 kwenye hofu. Mwenzake ana furaha 2.1 na hofu 1.8.

Ukiangalia hofu peke yake, wa pili ndiye yuko salama. Ukiangalia zote mbili, picha inageuka. Wa kwanza ana moto, ila anahitaji mahali pa kukosea bila kuchekwa. Wa pili hana presha yoyote kwa sababu hajali. Huyo ndiye anayeweza kuacha darasa kimyakimya na mtu asigundue.

Ukipanga wanafunzi kwa njia hii unapata makundi manne: furaha kubwa na hofu ndogo, furaha kubwa na hofu kubwa, furaha ndogo na hofu kubwa, na walio chini kote kote. Kila kundi lina dawa yake.

Je, hofu inashusha matokeo kweli? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya tafiti zenye karibu watu 20,000, ulionyesha kwamba wenye hofu zaidi kwa kawaida hufanya vibaya zaidi kwenye lugha. Lakini tusikimbilie hitimisho. Huenda hofu inaharibu matokeo. Huenda pia matokeo mabaya ndiyo yanaleta hofu. Na inawezekana kabisa ni mduara: unafeli, unaogopa, unafeli tena.

Dodoso la siku moja haliwezi kukuambia kipi kilitangulia.

Vitu ambavyo kipimo hakivioni

Hapa ndipo wengi wanapojisahau.

Kwanza, walioondoka. Ukipima wanafunzi wa mwaka wa tatu utakuta hofu imepungua na furaha imepanda. Vizuri. Lakini wale waliokuwa na hofu kubwa kuliko wote pengine waliacha mwaka wa kwanza. Huna alama zao. Darasa limeonekana lina amani kwa sababu waliokuwa wakiumia hawapo.

Pili, mwalimu akisimama pembeni. Dodoso linauliza kama mwalimu anatia moyo, na mwalimu huyohuyo ndiye anayekusanya karatasi. Nani ataweka 1? Mwanafunzi aliyelelewa kutomkosoa mwalimu hadharani ataweka 5 au atajificha kwenye 3. Ndiyo maana majibu yakusanywe bila majina, na mtu mwingine ayakusanye.

Tatu, hisia hazitulii. MacIntyre na wenzake wana njia ya kumrekodi mwanafunzi akiongea, kisha kumwonyesha video na kumwomba aonyeshe hisia zake sekunde baada ya sekunde. Walichokiona ni kwamba ndani ya dakika chache tu mtu anapanda na kushuka, na kuna wakati furaha na hofu zinapanda pamoja. Namba moja ya mwisho wa muhula inaficha mawimbi yote hayo.

Nne, si kila anayejifunza yuko darasani. Kijana wa Bac Ninh anayesoma kwa simu baada ya zamu ya kiwandani hana mwalimu wa kumsifu wala wenzake wa kumcheka. Mwanamke wa Kivietnam aliyeolewa Korea anajifunza mezani kwa mama mkwe. Hofu yake haina uhusiano na ubao wala chaki. Kipimo cha darasani kitampita kama basi lililojaa.

Tano, mtihani unaweza kukudanganya. Mtihani mkuu wa Kikorea kwa wageni, TOPIK, ulioanza 1997, una madaraja sita. Ngazi ya chini ina kusikiliza na kusoma. Ngazi ya juu inaongeza kuandika. Mtihani wa kuzungumza ulianza kutolewa Novemba 2022, tena peke yake, tofauti na ule wa kawaida. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na cheti kizuri ukutani huku akishikwa na kigugumizi mtu akimsalimia kwa Kikorea. Cheti hakijasema uongo, ila hakikuulizwa swali hilo.

Sasa mwalimu afanye nini?

Mwaka 2018 Dewaele na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 189 wa sekondari jijini London. Waliona furaha ya mwanafunzi inahusiana sana na mwalimu: anavyopendwa, anavyoitumia lugha yenyewe darasani, na muda anaowapa wanafunzi kuongea. Hofu ilihusiana na mwalimu kwa kiasi kidogo tu.

Maana yake kwa mwalimu wa Kikorea Hanoi au Jiji la Ho Chi Minh ni nzito. Hofu ya mwanafunzi inaweza kuwa imetoka mbali: nyumbani, deni la wazazi, mtihani wa kibali cha kazi. Huwezi kuing'oa yote kwa somo la saa mbili. Lakini furaha iko karibu na mkono wako.

Mambo ya kuanzia hayahitaji bajeti. Wanafunzi wazungumze wawili wawili kabla ya kusimama mbele ya wote. Mpe mtu sekunde kadhaa za kufikiri, ukimya hauui. Makosa ya heshima yasahihishwe kwa utulivu, si kwa kicheko cha darasa zima. Yale maneno yanayofanana na Kivietnam yatumike mapema, ili mwanafunzi aone kwamba tayari ana mtaji.

Halafu pima. Sentensi chache za furaha, chache za hofu, bila majina, mwanzo wa muhula na mwisho wake. Ukikuta hofu haijashuka lakini furaha imepanda, usikate tamaa, kuna kitu umefanya sawa. Ukikuta hofu imeshuka na furaha nayo imeshuka, jiulize: wametulia, au wamekata tamaa?

Kitu kimoja tu kisifanyike. Alama hizi zisitumike kumpanga mtu, kumnyima nafasi au kumpa jina. Mwanafunzi aliyesema ukweli kwamba anaogopa amekuamini. Ukimwadhibu kwa ukweli huo, mara ya pili ataweka 3 kila mahali, na hapo kipimo chako kimekufa.

Turudi kwa yule msichana wa Hanoi. Amesimama, sentensi imepotea, darasa kimya. Mwalimu anayejua kwamba hofu na furaha ni vitu viwili hatamwambia "kaa chini". Atamwambia ageukie jirani yake, wajaribu pamoja, kisha atarudi kwao.

Na wewe je? Umewahi kuipenda lugha ambayo ulimi ulikataa kuitoa mbele ya watu?